Umri Ulionifundisha Kusema

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huko uliko huitikii, lakini ningeanza barua bila shikamoo ungefufuka uje unichape.

Mama, nina hofu. Wiki iliyopita nilidanganya zahanati, hapa Mwankoko, na uongo wenyewe ni ule ulionifundisha wewe.

Unakumbuka kule Mungaa, siku ile tunapiga alizeti? Nilikuwa darasa la tatu, miaka tisa. Nikaona damu mguuni, nikapiga yowe nikidhani nimechomwa na bua. Ulitupa fimbo, ukanivuta nyuma ya lundo la alizeti, ukachana kipande cha khanga uliyojifunga. Hukunigombeza. Ukasema, "Nisikilize. Shangazi yako akiuliza, bado. Na ukija kuulizwa ukubwani ulivunja ungo lini, sema kumi na nne. Hata kwa mumeo."

Binti wa jirani alikuwa ameachishwa shule mwaka ule ule, akaozwa, kisa habari zake zilisambaa mapema. Kwa hiyo vitambaa vyangu ulivianika bandani kwa kuku, asivione mtu. Siku tuliyokuta kuku katagia kimoja tulicheka mpaka ukakaa chini. Nikamaliza shule, mama. Uongo wako ndio ulionisomesha, siwezi kuukana.

Sasa ona. Kichwa kilikuwa kinanigonga kila siku, nikaenda kupima. Presha iko juu, na sukari nayo imeanza kupanda. Nesi, dada mmoja mpole, akaniuliza mengi: kwetu nani aliugua nini, nilivunja ungo nikiwa na miaka mingapi. "Kumi na nne," nikajibu haraka, kama mtu anayeitikia marahaba. Akaandika.

"Afadhali," akasema. "Waliowahi sana tunawafuatilia zaidi, moyo na sukari. Si kwamba lazima waugue, ila wasichelewe kupima."

Afadhali! Nilitoka pale nimeuacha uongo wangu umeandikwa. Nilikuona tena ulivyoanguka na chekeche mkononi, unga wa mtama umekumwagikia, mdomo umeenda upande. Siku zako za mwisho uliniambia kwa shida, "Hata mimi niliwahi." Nikadhani unanifariji tu. Hakuna aliyekuwa amekupima presha hata mara moja, na mimi sikukuuliza zaidi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Labda ningenyamaza, maana mimi na aibu tumezoeana. Lakini juzi mjukuu wako Neema karudi kutoka shule, sweta kalifunga kiunoni. Ana miaka tisa, mama. Tisa! Nikamwogesha, nikampa pedi, nikamkumbatia. Halafu nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Ukiulizwa..." Nikauma ulimi.

Mtoto akanitazama. "Nikiulizwa niseme nini, mama?"

Nilijifanya naangalia ugali jikoni, na jiko lenyewe halikuwa na moto. Naogopa, mama. Naogopa maneno ya watu, naogopa ile mashine ya presha. Zaidi naogopa kwamba nimemrithisha mwili huu, halafu namrithisha na uongo wa kuuficha, aje aanguke kama wewe na hakuna aliyejua.

Kesho asubuhi narudi zahanati, na Neema nakwenda naye. Hatatangaza sokoni, lakini kwa nesi atasema kweli, na atanisikia mimi nikiisema kwanza. Nesi akinishangaa na anishangae. Nisamehe kwa kuitoa siri yetu. Ulinilinda nayo ulivyoweza, na mimi nataka kumlinda huyu ninavyoweza.

Pumzika, mama. Uniombee nisitetemeke wakinifunga ule mkanda wa presha. Hapa chini nimejaribu kuiandika hiyo kweli kwanza, ili kesho ulimi usinisaliti.

Ni mimi binti yako,
niliyevunja ungo nikiwa na miaka tisa.