Mamba wa Ukutani na Mabati Mapya

Jumamosi, 18 Oktoba. Mvua tangu alfajiri, ile ndogo isiyo na haraka. Tundu la paa liko palepale, na beseni liko chini yake.

Naandika nikiwa kwenye kona kavu ya karakana, mchana huu usio na wateja. Nataka kupanga mawazo yangu kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo dada wa kampuni ya simu anarudi kuchukua jibu langu.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: natengeneza cherehani, na kushona kidogo, hapa mtaa wa Mangobo. Ukuta wangu wa mbele una mamba aliyeshika sindano. Papa Saidi, mchoraji wa picha za mstari wetu wote, alimchora miaka kumi na miwili iliyopita. Hakuna anayenitafuta kwa namba ya nyumba. Watu husema tu "kwa ngando mwenye sindano", ngando ndiye mamba kwa Kilingala, na mwendesha pikipiki huwaleta moja kwa moja.

Kampuni inataka kuupaka ukuta huo rangi yake ya kijani kutoka chini hadi juu, pamoja na mlango. Badala yake itanipa mabati mapya ya paa zima. Maduka kumi na moja ya mstari wetu yamekubali. Tumebaki mimi na Papa Kambale, muuza jumla.

Kwa wiki tatu nimekuwa nikisema hapana. Nimesema kwa sauti, mbele ya watu, na neno "haki" halikukauka mdomoni mwangu. Nilisema kampuni kubwa inanunua uso wa mtaa kwa bei ya mabati. Nilisema inamlipa Papa Saidi ili afute kazi ya mikono yake mwenyewe, mzee wa watu, kuta zote hizo.

Leo sina uhakika tena.

Asubuhi alikuja Mama Marie, mteja wangu wa Isangi, kichwa cha cherehani kikiwa kimefungwa ndani ya kitenge. Simu yake ilizimika tangu kwenye boti. Kila akija mjini huweka mizigo yake kwenye malewa ya Mama Asha, kibanda cha chakula chenye picha ya kuku wawili wanaopigana. Leo alikipita mara tatu bila kukiona.

"Papa Fundi, ile kuku mbili ilienda wapi? Nimetembea mpaka miguu inalia. Nyumba zote iko sawasawa."

"Iko chini ya rangi, mama."

"Na Mama Asha naye iko chini ya rangi?"

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimepata ushahidi. Nikamsindikiza hadi kwa Mama Asha, nikasimama mbele ya watu waliokuwa wakila, nikaeleza jinsi kampuni inavyotupoteza sote. Mama Asha alikuwa akitwanga ndizi za lituma. Mchi haukusimama.

"Umemaliza?" akauliza. "Bon. Angalia juu."

Nikaangalia. Mabati mapya, hakuna hata doa la mwanga.

"Mwaka jana mvua ilikuwa inaingia mu sufuria. Watu wanakunywa supu, haiishi. Siku ile weye ulikuja na haki yako? Donc, acha kuku wangu walale."

"Fundi anataka tunyeshewe kwa haki," akasema mtu mmoja mezani, na wote wakacheka. Mama Marie naye alicheka, tena akiwa bado na tope langu la ushahidi miguuni.

Nilirudi nikafungua sanduku la madaftari ya shule. Mwalimu wetu wa uchumi alituandikisha kwamba bei ya haki ni ile wanayokubaliana watu wawili walio huru, bila yeyote kulazimishwa. Nilipiga mstari chini yake kwa rula. Sasa, Mama Asha alikubali. Nani alimlazimisha? Si kampuni. Dada wao ana heshima, hata chai hunywa kwa kuombwa mara mbili. Aliyemlazimisha ni mvua.

Je, mtu anayevujiwa ni mtu huru? Daftari halisemi.

Nikaenda kwa Papa Kambale. Ni mtu wa Butembo, anauza kwa gunia, na misa ya asubuhi haimpiti. Nilidhani anakataa kwa sababu kama yangu, nikamwambia nafurahi kuwa naye upande mmoja. Alinitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

"Picha? Mie sina shida na picha. Ukuta ni shamba. Mutu akitaka kulima mu shamba yangu, analipa kila mwaka. Mabati anakupa mara moja, sasa ukuta atakula miaka ngapi? Ulimuuliza?"

Sikuwa nimeuliza.

Wiki tatu za kuhubiri haki, na sikuuliza miaka mingapi. Mimi, mtu anayeandika tarehe ya kila sindano iliyovunjika.

Nikajiuliza ni nini kingine ambacho sikuuliza. Jibu lilikuja lenyewe saa sita, likikimbia mvua, vidole vikiwa na kijani. Papa Saidi alijibanza nami kwenye kona hii kavu. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, kama anaumia kufuta picha zake.

"Ule mamba nilishamukula zamani, mutoto yangu. Ulinilipa, nikanunua muchele, tukakula. Sasa weye unamufungia pale kama mufungwa, na mie nyumbani jiko iko baridi. Nipe ukuta nikule tena."

Akafuta vidole kwa kitambaa changu bila kuomba.

"Kitu kimoja tu ndiyo inanichoma," akasema. "Hawataki niandike jina. Sasa naandika mbele ya kupaka, kule chini kwa kona, halafu napaka juu yake. Kuta kumi na moja, majina kumi na moja. Rangi yao iko nyepesi. Mvua itawasomea watu."

Basi nikatoa wazo. Kampuni ipewe ukuta, lakini mamba ahamie mlangoni, mdogo, na jina la Papa Saidi liandikwe chini yake waziwazi. Huo mlango nitaulipa mimi. Akautazama mlango, akapima kwa shubiri zake, akasema atataka kanzu ya Idi, yenye mfuko ndani. Nikasema bila mfuko. Akasema basi mamba bila mkia. Tukacheka, nikakubali mfuko.

Nikampigia dada wa kampuni. Nilimuuliza ni miaka mingapi, na nikamweleza habari ya mlango. Miaka ni mitatu.

"Mlango, papa? Hiyo sijui. Mpaka niulize Kinshasa."

Kwa hiyo sasa hivi mtu fulani, ambaye hajawahi kukanyaga tope la Mangobo, anaamua kama mamba wangu anaweza kukaa kwenye mlango wangu. Simchukii. Ningependa tu kujua anaketi wapi, na kama paa lake linavuja.

Nimeamua hivi. Kinshasa ikikubali mlango, nakubali ukuta. Ikikataa, ukuta haupakwi, na nitanunua mabati moja moja, hata yakifika mwaka ujao. Nilimwambia Papa Saidi hivyo usoni, kwa kuwa hapo anayepoteza ukuta ni yeye.

Aliinua mabega. "Kanzu iko palepale?"

Iko palepale. Nimeshampima, mabega na urefu, na Jumatatu nakata kitambaa, Kinshasa ijibu isijibu. Hiyo bei tuliipata wawili, tukiwa tumesimama pakavu.