Sauti ya Kalondu Imefutwa

Mjukuu wangu Mwende,

Nakuomba, usimsomee mtu barua hii, hata mwenzako wa chumba. Ikijulikana, kibarua changu kitaota nyasi. Huku Mumbuni sote tu wazima.

Unauliza kwa nini video ya nyanya yako Kalondu, dada yangu mkubwa, akisuka kiondo, kikapu chetu cha nyuzi, haina sauti yake. Nilikuwepo wenzangu wa ofisi yetu ya video za mafunzo walipomrekodi Mitaboni. Walimketisha mezani, akacheka: "Nikae kama karani? Kiondo husukwa ukitembea, ukipiga domo!" Akainuka, akasuka njia nzima hadi sokoni, akieleza kila uzi kwa Kikamba.

Ofisini, mkubwa wetu akaifuta sauti, akaweka muziki. "Vijana wanataka kitu cha kupendeza," akasema. Vijana gani? Wewe umeitazama mikono ile mara ngapi, na bado hujui uzi upi unatangulia! Wanafundisha nini sasa? Nina hasira!

Rekodi ya kwanza, yenye sauti yake, wataifuta wiki hii. Nimeinakili kwa siri. Usinipigie ofisini. Jumapili, watu wakitoka kanisani, piga simu ya Kalondu, nitakuwa kwake. Atapokea yeye. Kabla hujaniulizia, mwambie akueleze kitako cha kiondo kinavyoanzwa.

Nyanya yako mdogo,
Mutheu