Alama ya Vema Niliyotia Bila Kujaribu

Chumba Na. 6, Ghorofa ya Tatu,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Hujambo huko? Kifua kimepoa, au bado unakohoa kila ukiinamia hayo majokofu yako? Nimesikia umekuwa fundi wa majokofu na wateja wanakusifu. Sijashangaa. Ulipokuwa mdogo uliifungua redio ya baba, ukaifunga tena, skrubu tatu zikabaki mkononi, na bado ikaimba.

Sisi hatujambo. Goti la mama humsumbua asubuhi, lakini likishapata moto anapanda ngazi zote bila kushika ukuta. Mimi nimeongezeka mwili kidogo, na wewe ukiniona usiseme.

Mdogo wangu, miaka miwili hupokei simu zangu, na haki unayo. Ndiyo maana naandika kwa mkono, nikitumaini bahasha utaifungua walau kwa udaku. Nataka urudi kwetu. Lakini siwezi kukuomba hivyo kabla sijakiri jambo langu la siku ile uliyosimamishwa wima mkutanoni. Nivumilie nianzie mbali kidogo, unanijua mimi kufupisha sijui.

Bwana Tarehe amehamishwa kutoka pale ofisini tulikokuwa wote. Ameondoka na kalenda yake na ile kalamu nyekundu. Meneja wetu sasa ni mama mmoja aliyewahi kuwa muuguzi mkuu wa wodi, kwa hiyo tunamwita Sista. Kompyuta anaijua kiasi cha kusoma barua pepe, na siku ya kwanza tulicheka chinichini. Tulidhani tumeletewa mtu wa kuipima seva joto.

Hakutuhutubia. Alisikia tu kwamba kwenye programu yetu ya zahanati namba ya simu ya msaada ilikuwa na tarakimu moja mbovu, na kila karani akipiga anampata kinyozi. Akauliza kuirekebisha kulichukua muda gani. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Akatupa mimi na Fundi Mitambo, yule mzee wetu wa seva, karatasi kubwa ya kaki tuichore safari ya ile tarakimu tangu karani alipolalamika mpaka skrini yake iliporekebishwa.

Kitinda, zilikuwa siku arobaini na saba. Kuibadilisha kwenyewe kulikula dakika moja. Siku nyingine zote tarakimu ilikuwa imekaa ikingoja: ingoje kamati inayokutana mara moja kwa wiki mbili, ingoje sahihi kumi na moja, ingoje ile Ijumaa yetu kubwa ya kutoa marekebisho yote kwa mpigo. Na sisi muda wote huo tulikuwa tunajiona watu makini.

Sista aliitazama karatasi, akasema, "Wodini dawa ikikaa mlangoni siku arobaini na saba, hatusemi tuko makini. Tunasema mgonjwa amesahaulika."

Ijumaa kubwa haipo tena. Sasa mtu akimaliza kitu kidogo, kinatoka hichohicho kidogo, asubuhi, watu wote wakiwa macho na chai mkononi. Kwanza kompyuta inafanya majaribio yenyewe, kisha tunapeleka kwenye zahanati moja tu. Karani wa pale akilalamika, tunarudisha ya jana kwa amri moja. Kila mmoja wetu amepelekwa pia kukaa mapokezi siku nzima na kuona foleni inavyokuwa programu ikisuasua. Mimi nilirudi nimenywea.

Sikutilii chumvi, haikuwa rahisi. Mwezi wa kwanza hayo majaribio yalikuwa yanapiga kelele za makosa kila saa na tulitupiana maneno mazito. Kwenye ubao wa kazi Sista aliruhusu tatu tu kwa wakati mmoja, na wakubwa wa juu wakawa kila siku wanaleta ya nne kwa mlango wa nyuma. Lakini Fundi Mitambo, aliyekuwa na shati moja la bahati la kuvaa siku za Ijumaa kubwa, sasa anafutia baiskeli shati hilo.

Sasa nifike ninapokwepa kufika.

Mwezi uliopita orodha ya wagonjwa ilipotea kwenye skrini za zahanati moja kwa saa nzima. Sista akatuita kwenye chumba kile kirefu. Unakumbuka desturi ya Bwana Tarehe: anauliza "Nani?", na mwenye kosa anasimama mpaka mkutano uishe. Basi Sista hajamaliza hata kusalimia, Fundi Mitambo kasimama mwenyewe kwa mazoea.

Sista akamtazama. "Mzee wangu, unakwenda wapi?"

"Ni mimi, Sista. Nilizima seva isiyo yenyewe."

"Kaa. Sijauliza nani. Nauliza ilipitaje."

Akakaa. Ikaonekana seva zile mbili zilikuwa na majina ya kufanana, na yeyote kati yetu angeweza kukosea. Yakabadilishwa siku hiyohiyo.

Mimi nilikuwa nakuona wewe. Siku ile ulisimama kwa muda wa saa mbili na dakika kumi, kwa sababu hesabu ya siku uliyoandika kwenye programu ilikosea mwezi wenye siku thelathini na moja, na kina mama waliofika na watoto mgongoni kwa chanjo waliambiwa warudi kesho. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri.

Lakini kabla hesabu hiyo haijatoka kwenda zahanati, ulikuja mezani kwangu ukaniuliza, "Dada, mwisho wa mwezi umeujaribu?" Nami nikakwambia nimejaribu.

Sikuwa nimejaribu. Nilikuwa na vipengele mia tatu na kumi na mbili vya kukagua kwa mkono kwa siku moja, Bwana Tarehe kanisimamia nyuma ya kiti. Nilipofika mia mbili na themanini nilikuwa natia alama ya vema tu, kama mtu anayepiga mihuri. Mkutanoni ukasimama, ukanitazama mara moja, na sentensi moja tu ingekutosha kujiokoa. Hukuisema. Mimi nikawa natazama viatu vyangu. Ukaondoka wiki iliyofuata, ukamwambia mama umechoka na kompyuta, na mimi nikamwacha aamini.

Fundi Mitambo alipokaa, niliinua mkono. Nilisema yote mbele ya watu kumi na wanne, wakiwemo wale waliokuona umesimama. Sista aliniuliza lilelile, ilipitaje. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu zaidi ya kulia: mtu mmoja, vipengele mia tatu, siku moja, na chumba ambacho hakuna anayethubutu kusema hajamaliza. Jaribio la mwisho wa mwezi limewekwa la kwanza kabisa kwenye orodha, na hakuna kinachotoka bila kulipita.

Haya hayanitoi lawamani kwako. Utaratibu ulikuwa mbovu, lakini uliyeniuliza ni wewe, na mdomo uliokudanganya ni wangu. Nisamehe, mdogo wangu.

Sista anasema kiti chako kipo ukikitaka. Usipokitaka, majokofu ni kazi ya heshima na sitakusumbua. Ninachokuomba ni nyumbani.

Mama nilimwambia wiki iliyopita, tukiwa tunaanua nguo. Alikunja shuka mpaka likaisha. Kisha akasema, "Kumbe miaka miwili namwombea asiye na kosa asamehewe, na mwenye kosa nampakulia chakula." Hajanifokea tangu hapo, ila amenikabidhi kalamu hii na kuniambia nisiinuke kabla sijamaliza.

Fundi Mitambo anakusalimu sana. Shangazi naye anakusalimu na kuuliza jokofu lake linalovuja maji utalitazama lini. Mungu akulinde katika kazi ya mikono yako, akupe kifua chepesi na moyo mwepesi.

Anayekungoja bado anakupenda sana. Kama sauti yangu bado huiwezi, piga simu ya mama siku yoyote saa kumi jioni. Nitakuwa nimetoka nje, nimewapisha.

Ni mimi nikupendaye,
Dada yako.