Jina Uliloniomba

Naguru, Kampala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai miguu yako imepata nafuu, na mvua za Voi safari hii hazikuwapita. Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyoni utayasoma.

Najua umeshtuka kumwona mkweo Okello mlangoni peke yake, bila mimi wala wajukuu. Najua pia ulivyo, umeshamtafuta jogoo wa kuchinja. Mwache jogoo, mama. Nimemwambia asionje hata maji yako kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Mtu akishakula kwako humlaani tena, na sitaki ale chakula chako kwa kukuficha jambo. Vaa miwani, ingia chumbani, usome mwenyewe. Usimpe Righa akusomee, sauti yake inafika kwa majirani.

Katika barua yako uliniomba kitu kimoja tu, jina la mtu aliyewaambia wanajeshi mahali alipokuwa akilala ndugu yangu Mwakio. Ulisema mzee wa msikitini amekubali kumsomea mtu huyo halbadiri, ila lazima apewe jina. Nilicheka, mama, kicheko kibaya. Wewe mama wa kanisa, uliyetuchapa kwa kuchungulia tu ua wa mganga! Lakini sikulaumu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe hata kaburi hukuonyeshwa.

Jina ni Okello. Huyo huyo aliyekuletea barua. Kaa kitako kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Unajua Mwakio alikuwa akipiga chapa pale Wandegeya, na unaujua mdomo wake. Siku hizi Wakenya tunatazamwa kwa jicho baya huku, na yeye aliwatania wakubwa mbele ya wateja kana kwamba yuko barazani kwenu. Mtu akapeleka maneno. Wakubwa wakamwita Okello, kwa kuwa ni polisi na ni shemeji yake.

Hayo sikuyasikia kwa watu. Alinieleza mwenyewe jikoni, nikimenya matoke. Alikuwa ametoka kusali na Walokole, na desturi yao ni kwamba mtu humwendea aliyemkosea akamwambia uso kwa uso.

"Mama Mghoi," akasema, "mimi ndio nilisema. Wao nauliza, shemeji yako Mkenya nalala wapi? Bunduki iko juu ya meza. Mimi naogopa. Nasema Wandegeya, nyuma ya duka ya kupiga chapa."

"Ulijua watamfanya nini?"

"Nilijua."

Angesema hakujua, ningemshukuru. Nilimrushia kisu nilichokuwa nacho, kikampita. Hakukwepa, mama, na hilo lilinikasirisha zaidi. Nilimchukia hata namna anavyovua viatu.

Jirani yangu mmoja Mganda, naye Mlokole, alikuja kunishauri. Nikamjibu kwamba Yesu hakuzaliwa tumbo moja na Mwakio. Hakukasirika. Alinishika mkono, akasema, "Nnyabo, basi pikia yeye chakura tu. Moyo itakuja nyuma."

Nikapika. Nilimpakulia huku nikitazama ukuta, na moyo haukuja. Kanisani tulipofika pale pa kuomba tusamehewe kama tunavyosamehe, nilifumba mdomo. Okello alisikia nimenyamaza, naye akanyamaza. Tulisimama hivyo Jumapili baada ya Jumapili, watu wakidhani tunasali.

Sasa ikaja zamu yake. Polisi wenzake, watu wa kaskazini kama yeye, walianza kuitwa mmoja mmoja, na hawakurudi. Siku moja wakaja wanaume wawili mlangoni, nikianika nguo, wakaniuliza, "Bwana yako iko wapi?"

Nilijua alipo. Alikuwa sokoni Nakawa akitafuta chumvi. Neno moja lilitosha, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nisikufiche, mama, lilikuwa tamu. Nilimwona Mwakio. Wakati huo huo mmoja wao alikuwa akimtazama mwanangu Mghoi, nami nikaogopa. Hapo nikajua jinsi mtu anavyosema. Nikalimeza neno. Nikawaambia amekwenda kwao mazishini. Mungu anisamehe uongo huo, ingawa mpaka leo sijautubu.

Usidhani nilimpenda kwa sababu nilimwelewa. Nilimwelewa, bado nikamchukia. Lakini alipoingia na ile chumvi yake, nilimwambia akimbie, nikamfungia nguo zake mwenyewe. Kupenda kwangu kumekuwa hivyo tu, mama, hakuna cha nyimbo. Nimemsamehe kwa machozi, na kila asubuhi naamka nikikuta nimemkasirikia upya, nikaanza tena.

Mimi na watoto tumebaki ili moshi uonekane jikoni na majirani wasiulize. Naogopa sana. Mungu akijalia tutafuata, asipojalia uwaombee hawa watoto.

Simtetei. Alifanya, na alijua. Wala sikuombi umsamehe kwa kuwa mimi nimemsamehe, maana Mwakio ulimzaa wewe, na fungu lako siwezi kukutolea. Ukimfukuza hana pa kurudi, naye analijua hilo. Nilimwambia apitie kwingine, ajifiche kwa watu wasiomjua. Akakataa, akasema kwanza mama. Ukimpeleka kwa mzee wa msikitini atakwenda nawe, wala hutahitaji kumshika mkono.

Ukiniuliza mimi nataka nini, nataka umpe chakula. Ukishindwa, nitabaki binti yako vile vile, nami nitakulilia wewe kama ninavyomlilia Mwakio.

Nisalimie Righa mdogo wangu, mwambie avumilie shule. Msalimie mjomba mshona viatu, na akina mama wenzako wa kanisani. Wajukuu wanakuamkia, wanajua baba amesafiri kikazi.

Uliniomba jina, mama. Nimekutumia mwenye jina.

Ni mimi mwanao,
Wakesho