Ulipoandika "Sevu"

Mdogo wangu Bura,

Nimewafundisha watoto wa Rhotia kwa miaka mingi kwamba barua ya kirafiki huanza kwa anwani na tarehe, kisha mwandishi humjulia hali anayeandikiwa. Anwani yako ya sasa siijui, na namna ya kukujulia hali sikufundishwa chuoni. Kwa hiyo nitaanza na habari za nyumbani.

Mahindi ya shamba la chini yamebeba vizuri. Maharage yaliungua kidogo kwa baridi, lakini makande hayatakosekana. Mkeo anaendelea vyema. Juzi nilimsikia akimgombeza mbuzi kwa sauti yake ya zamani, nikafurahi. Kaburi lako tumelizungushia mawe. Ukungu wa asubuhi ukishuka hatulioni mpaka jua lipande, na mimi husimama mlangoni nikisubiri lionekane. Sijui ninasubiri nini.

Darasa lako halikufungwa. Binti yako Fausta amelichukua, katika chumba kilekile kando ya kanisa, kwa kompyuta zilezile za mitumba ulizozipata kwenye hoteli uliyokuwa ukiifanyia kazi. Anafundisha kama wewe, akiwa amesimama nyuma ya mwanafunzi na mikono imefungwa mgongoni, ili asije akamnyang'anya kazi yake.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Kamati ya parokia imepata karatasi na wino wa kuchapa mwongozo mmoja tu wa kompyuta, ili kila mwanafunzi aende na nakala nyumbani. Miongozo iko miwili. Wa kwanza ni kile kitabu kinene ulichokinunua Arusha. Wa pili ni ule ulioutunga wewe mwenyewe, kurasa chache zilizobanwa kwa pini. Mwenyekiti akasema, "Mwalimu Teresia asome yote miwili atuambie upi unafaa. Yeye hana upendeleo." Kikao kizima kilicheka, maana wanakumbuka kwamba nilikusahihishia hata kadi ya harusi yako.

Fausta alinifuata nje. "Shangazi," aliniambia, "nakuomba usiguse hata herufi. Sauti ya Baba imebaki humo tu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani niliwaza kwamba nimepewa kazi mbili kwa mkupuo mmoja: kupima kitabu, na kuamua kama inafaa kumsahihisha mtu ambaye hawezi tena kujitetea.

Nilianza na kitabu kinene, na ninakiri kwamba kilinipendeza. Upatanisho wa kisarufi umenyooka toka jalada hadi jalada. Koma zimekaa mahali pake. Mwandishi anasema kipanya, kicharazio, kabrasha, na hachanganyi "hicho" na "hiyo". Nilisoma sura ya kwanza kama mtu anayekunywa uji wa moto asubuhi ya Julai. Kisha nikaenda darasani, nikakaa mbele ya kompyuta, nikakifungua ili nifanye kinavyosema. Kinasema: "Teua kabrasha unalolihitaji, kisha uhifadhi kazi yako." Sentensi safi kabisa. Sikujua niweke mkono wapi.

Nikauchukua wako. Ukurasa wa kwanza umeandika: "Usiogope. Tafuta kitufe chenye alama ya duara lililokatwa na mstari. Kiko mbele ya boksi, chini. Bonyeza mara moja halafu toa kidole. Subiri. Itanguruma kama jiko la gesi, hiyo ni kawaida." Sentensi zako ni fupi kama za mtu anayepanda mlima. Chini yake umeandika "hizi maneno utayaona", nami nikasikia damu inapanda. Lakini nilibonyeza, nikatoa kidole, nikasubiri. Ikanguruma.

Bura, mimi niliyekukatalia mara zote uliponialika, nikikuambia chaki inanitosha, niliiwasha kompyuta peke yangu. Tangu siku hiyo ninajiuliza swali ambalo sijapata jibu lake lote: inawezekanaje sentensi iliyo sahihi imwache msomaji amesimama, na sentensi yenye kosa imfikishe? Darasani kwangu kosa lilikuwa kosa. Sikuwahi kuuliza sentensi inampeleka nani wapi.

Usivimbe kichwa. Nilimwita pia Deo, yule anayetunza hesabu za kambi ya watalii kule ukingoni mwa kreta. Nilimfundisha darasa la nne, na bado anasimama wima akiniona. Nilitaka mtu ambaye kompyuta ameizoea. Alifunua mwongozo wako, akafunua tena, akacheka.

"Shikamoo Mwalimu. Samahani, lakini kitabu hichi ni cha chekechea."

"Marahaba. Kitabu hiki."

"Kitabu hiki. Mzee Bura, Mungu amrehemu, ananifundisha kuwasha! Mimi nimeshawasha tangu saa moja asubuhi, bosi amesimama mlangoni, nataka bei za chumba zikibadilika jumla ijibadilishe yenyewe. Hilo liko wapi? Hamna."

Akachukua kile kinene. Hakukisoma tangu mwanzo kama nilivyofanya mimi. Alikwenda moja kwa moja nyuma, kwenye faharasa, akashuka na kidole, akafungua ukurasa, akasoma mistari michache na kukifunga. "Nimepata. Hiki ndicho kitabu." Hata chai hakumaliza.

Nilikaa pale nikishangaa. Kitabu kilekile kilichoniacha nimeduwaa kilimhudumia yeye kabla chai haijapoa. Anayeanza hutaka kushikwa mkono, naye mzoefu ukimshika mkono unamchelewesha. Nilidhani nimeshapata hukumu ya kuipelekea kamati: wako kwa wanaoanza, kile kwa wazoefu, basi. Ningeandika hivyo kama si mama Namnyaki.

Humfahamu, alijiunga baada yako. Ni mama wa Kimasai kutoka Kakesio, anakaa hapa kwa mwanawe, naye ni katibu wa kikundi cha wanawake wanaoshona shanga. Amekuja kujifunza ili aandike maelezo ya rangi na mishono, yachapwe kwenye vikaratasi vinavyofungwa kwenye kazi zao, wageni wajue wananunua nini. Siku hiyo Fausta alimpa kile kitabu kinene akijaribu. Aliandika tangu asubuhi, kidole kimoja kimoja, midomo ikimchezacheza. Fausta alipopita alimkumbusha, akimwita mama kwa Kimasai, "Yeyo, hifadhi." Yeye akaitikia, "Nimesikia." Akaendelea kuandika.

Umeme ukakatika. Uliporudi, hapakuwa na neno hata moja.

Fausta alitaka kulia. "Yeyo, si nilikuambia uhifadhi?"

"Nilikuwa sijamaliza!"

"Unahifadhi hata kama hujamaliza."

"Wewe mtoto, usinifundishe Hifadhi. Mimi nimezaliwa ndani ya Hifadhi ya wanyama. Kitu kikishaingia Hifadhi ndiyo basi, hakiguswi. Huko hata tuta la mchicha hulimi. Nikasema nimalize kwanza maneno yangu yote, niyasahihishe, ndipo niyaingize huko."

Darasa lilivunjika mbavu. Mama Namnyaki mwenyewe alicheka kuliko wote, akatuonyesha kidole: "Chekeni tu, ninyi watu wa Rhotia mnaolima hadi mlangoni pa choo!"

Mimi nilicheka, kisha nikaacha. Nimelifundisha neno hilo. Kuhifadhi ni kuweka kitu mahali salama kisidhurike. Mama yule hakukosa kwa kutolijua neno. Alikosa kwa kulijua sana. Hakuna mtunga kitabu wa mjini ambaye angeota kosa hilo, na kamusi isingemsaidia. Neno lilikuwa sahihi katika kitabu, na lilikuwa sahihi pia kichwani mwake, na katikati ya sahihi mbili kazi ya asubuhi nzima ikapotea.

Unakumbuka ugomvi wetu? Uliponiletea rasimu yako, nilikata "sevu" kila ilipotokea. Nilikuambia Kiswahili kina neno, tena zuri, la nini kuokota la kuazima? Ukajibu, "Dada, ngeli haziokoi faili." Ukarudisha "sevu" zako zote. Sasa nimezisoma upya. Umeandika: "Sevu kila mara, kama unavyofunga banda la kuku hata kama utarudi kulifungua baada ya dakika tano." Kwa mama Namnyaki "sevu" halina maana yoyote, ndiyo maana halimtishi. Ni chombo kitupu. Ukimwambia ni banda la kuku, linakuwa banda la kuku.

Sisemi kwamba ulishinda. Bado ninaamini neno letu ni zuri. Ninasema tu kwamba sikujua neno linaweza kujaa kiasi cha kutopokea maana nyingine.

Basi tukampa mama Namnyaki mwongozo wako. Akaandika upya, akasevu, akafunga kompyuta kwa madaha. Alipokuja siku iliyofuata akakaa, akawasha, akaangalia kioo kitupu.

"Nimesevu. Sasa iko wapi?"

Nikachukua nakala yangu nimsomee. Ukurasa wa kusevu upo. Nikafunua unaofuata, nikakuta habari za kuchapa. Nikarudi nyuma. Nikahesabu kurasa nikidhani mmoja umechomoka kwenye pini. Haukuchomoka. Hukuandika. Umewaambia watu jinsi ya kuweka kazi, hukuwaambia jinsi ya kuiona tena.

Wewe, mtu wa kueleza hadi mngurumo wa boksi! Nilikaa na karatasi zile mapajani, na mkono wangu ukaenda kwenye simu. Nilikuwa nimeshafika kwenye herufi ya jina lako. Nilitaka kukuambia, "Bura, umeruka hapa." Hilo tu. Maisha yangu yote kosa lako lilikuwa sababu ya kukupigia simu.

Fausta ndiye aliyenieleza. "Baba alikuwa hatafuti faili, Shangazi. Mkono wake ulikuwa unakwenda wenyewe." Nami nikaelewa kwamba hukuwa mzembe. Kuwasha uliwafundisha wengi, wakiogopa mbele ya macho yako, kwa hiyo hofu yao uliikumbuka. Lakini wakitaka kufungua kazi ya jana uliwaonyesha kwa kidole bila kufikiri, na kitu usichokifikiria hukioni. Kile kitabu kinene kina sura nzima ya jambo hilo. Ila ukikisoma unahitaji kuwa tayari unajua kitu hicho kinaitwa nini ndipo ukitafute.

Jumapili nilisimama mbele ya kamati. Nilisema: chapeni wa Bura, na kile kinene kikae rafuni darasani kwa ajili ya akina Deo. Nikasema pia kwamba nitausahihisha.

Fausta aliinamisha kichwa. Baada ya misa nilimketisha kwenye benchi la nje nikamweleza. "Sevu" zitabaki, zote, na kuku wako watabaki, na jiko la gesi litabaki. Lakini "hizi maneno" siwezi. Hata kwa marehemu. "Ungemwacha baba yako atoke nje na shati limefungwa vifungo upande?" nikamuuliza. Akacheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Shangazi, wewe nawe!" Nikajua ameniruhusu.

Ukurasa uliokosekana nimeuandika mimi, na juu yake nimeweka jina langu, ili mtu asidhani ni sauti yako. Nilimuuliza mama Namnyaki aanzeje mtu asiyejua. Hakufikiri hata kidogo. "Mwambie: usiondoke kabla hujajua analala wapi." Alilizungumzia faili kama ndama. Nimeandika "linalala". Fausta anasema hiyo ndiyo sababu watu wananiogopa.

Sasa nina ahadi ya kukupa. Nimejiandikisha darasani kwako. Ninakaa kiti cha nyuma, karibu na mama Namnyaki, na kipanya kinanitoroka mezani kama panya wa kweli. Fausta alidhani natafuta mahali pa kukulilia, na pengine nusu ni hiyo. Nusu nyingine ni kwamba nimegundua nina kitu ambacho wewe ulikuwa umekipoteza na Deo amekipoteza: sijui. Na kutojua hakukai. Jana nilifungua kazi yangu bila kuuliza mtu, na nilipotaka kukumbuka juzi nilikuwa nimekwama wapi, nilipata taabu kukumbuka.

Kwa hiyo nakuahidi, mdogo wangu, kwamba kila nitakapopotea nitaandika pale pale, kabla sijaizoea njia, na Fausta ataongeza kwenye mwongozo wako, akipenda. Nitajitahidi nisijifunze haraka.

Nakuacha hapo, Bura. Ukungu umeanza kupanda na mawe yako nayaona. Kengele ya darasa itagongwa sasa hivi, nami sitaki mwanao anikute nimechelewa.

Dada yako,
Teresia