Dakika Tatu za Vaileth

Kibamba, Dar es Salaam
Jumanne, 14 Mei 2024

Mpendwa dada Kokuberwa,

Shikamoo dada. Mgongo unaendeleaje? Na migomba, upepo umeiacha salama? Sie huku tupo, hatuumwi. Mie bado nabeba zege, kuna ghorofa linajengwa Mbezi. Mwili upo.

Naandika kwa sababu simu siwezi. Hili nikilisema kwa mdomo nitaishia katikati. Barua nampa Albano, yule kijana wa Kamachumu, anapanda basi kesho alfajiri.

Vaileth kaingia fainali. Ni mashindano ya wanasayansi vijana. Unapewa dakika tatu ueleze utafiti wako, mpaka mtu asiyesoma aelewe. Yeye alipima maji ya visima vya huku kwetu. Akaniambia, "Baba, wewe uliishia la nne. Ukielewa wewe, majaji nao wataelewa." Basi kila jioni nikirudi ananikalisha kwenye ndoo, anasimama mbele yangu, simu inahesabu.

Anasema hivi. Masika mvua ikikolea, mtu anatoboa choo chake kitapike, mvua ibebe, asilipie gari la kunyonya. Uchafu unashuka, unaingia kisima cha jirani. Hauonekani. Maji yanabaki meupe, matamu. Halafu anasema, "Mama yangu aliyanywa."

Siku ya kwanza nilielewa yote. Nikamwambia sijaelewa.

Akarahisisha. Nikasema bado. Wiki mbili hivyo hivyo, dada. Akawa ananicheka, "Baba nawe, hicho kichwa umemwagia zege?" Anarudia, anarahisisha tena, mpaka mtoto wa chekechea angeelewa. Ndiyo maana kawapita wenzake.

Sasa mwishoni anamsema jirani aliyetoboa. Jina hataji, ila sie tunajua ni mzee Mwinjuma wa nyumba ya juu. Unakumbuka msibani alivyokuja na rambirambi yake mkononi, ukamfukuza, ukamwita muuaji mbele za watu. Mie nilikuwa nimekaa pale pale. Nikanyamaza.

Dada, hakuwa Mwinjuma. Ni mie.

Choo kilijaa. Mvua ikaja, nikachukua mtaimbo nikatoboa. Mama Vaileth alikuwa sokoni. Kisima chetu kilikuwa hatua tisa tu, upande wa chini. Siku ya tatu akaanza kuhara. Siku ya tano tukazika. Kipindupindu.

Toka hapo namwona akichota. Mchana kweupe, niko kazini, watu wanapiga kelele, mie nasikia ndoo yake inagonga ukingo. Nikimwaga maji kwenye zege mkono unakataa. Kisima nilishakifukia mwenyewe, miaka nane sasa. Anachota tu.

Juzi Jumapili Vaileth yuko katikati ya mazoezi, nikamwambia aache kwanza. Nikamwambia huyo jirani ni mie. Akazima simu. Akauliza, "Kwa hiyo ulikuwa unaelewa, baba?" Nikasema toka siku ya kwanza. Hakulia. Alichukua begi akaenda kwa rafiki yake Mwenge. Jioni akanitumia ujumbe mmoja tu: fainali siendi.

Fainali ni Jumamosi. Wewe anakusikilizaga. Ukiipata barua hii tu, mpigie. Sitaki umwombe anisamehe. Mwambie aende aseme. Aseme aliyetoboa ni baba yake, anitaje jina, asinifiche. Maana kuna mtu hukuhuku mtaani ana mtaimbo wake, anasubiri mvua.

Jana nilikwenda kwa mzee Mwinjuma. Sikukaa, nilisema nikiwa nimesimama. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Wallahi siku ile nilikuona. Nilikuwa nakungoja uje." Miaka nane watu wanapita mlangoni kwake bila salamu, na alikuwa anajua. Nilitaka anitukane. Kaniuliza fainali inafanyika wapi.

Jumamosi nakwenda naye. Tutakaa viti vya mbele, mie na yeye, Vaileth apande asipande.

Nisalimie Kokushubila na mume wake, na watoto wote hapo nyumbani. Mungu akupe nguvu za mgongo na akulinde.

Ni mie mdogo wako, nakupenda hata ukinikasirikia,

Revelian