Majani ya Kisiwa cha Mnara

Kisiwani, 9 Juni 2025

Abowe Siyad,

Salaam aleikum. Mimi mzima, alhamdulillahi. Wazazi wetu hawajambo? Goti la Hooyo limepoa? Aabo anakula? Nasikia mvua imewapita tena.

Barua yako imeniudhi. Wewe, mwalimu mzima hapo Galbet, unaandika kwamba dada yako alisoma chuo kikuu ili aje kulinda mayai ya ndege chini ya mnara wa taa. Basi soma. Hapa hakuna fisi wala kupe. Mvua imetunyeshea wiki nzima, majani yananifika magotini. Membe, ndege wangu wa baharini, wametaga chini kabisa, na mayai yao yana madoa. Huyaoni mpaka uyakanyage. Mtu akikaribia huruka wote pamoja, mnara ukapotea nyuma ya mabawa. Alfajiri kasa hurudi baharini akiacha njia kama ya trekta.

Msomee Aabo, ajue silindi upuuzi. Simu hazishiki huku; nijibu kwa boti ya mahitaji.

Abaayo wako, Fowsiya

*

Galbet, 23 Juni

Abaayo,

Salaam. Hooyo anatembea, anakusalimu. Nilimsomea Aabo. Kwenye majani ya magotini aliinua mkono: "Soma tena hapo." Nikasoma. Akasema, "Huyu ametufanyia sahan." Unajua sahan: mtu hutangulizwa kutafuta malisho, naye akileta habari, mifugo hufuata. Nikamwambia ni habari za ndege. Akacheka: "Ndege hawali majani."

Mbuzi waliobaki wamepakiwa kwenye lori. Binamu yetu Alio anawaleta huko kisiwani kwa boti. Mpokee vizuri.

Kaka yako, Siyad

*

Kisiwani, 2 Julai

Siyad,

Salaam, na hiyo ndiyo salamu yote. Barua yako imefika kwa boti ileile iliyoleta mbuzi. Nilikimbia ufukweni nikipiga kelele. Alio akacheka: "Abaayo, si wewe uliyetuita?" Boti ilikuwa imeshaondoka, na mbuzi wameshasambaa kati ya viota. Kwato zao zimegandwa na ute wa mayai. Mengine yalikuwa na makinda ndani.

Na maji hakuna! Kuna tangi moja tu la mvua, la Mzee Musyoka, mlinzi wa taa, naye amelitia kufuli. "Haya ni maji ya watu," anasema. Mbuzi wameanza kulamba mawe, na boti hairudi mpaka wiki ijayo. Mimi niliwaandikia uzuri, nyinyi mkasoma lishe!

Nampa barua hii mvuvi anayepita.

Fowsiya

*

Galbet, 6 Julai

Fowsiya,

Salaam. Hooyo hujamuulizia hata kidogo.

Afanyaye sahan hutaja maji kabla ya majani. Mtoto aliyezaliwa kwenye ukame wa Hadado asiyejua hilo alisomea nini? Hao ndio mbuzi wote tulio nao. Watoto wa dada yetu Osob wanakunywa chai ya rangi. Wakifa kwa kiu kando ya tangi lenye maji, usije Galbet kunionyesha picha za ndege.

Kaka yako, bado. Siyad

*

Kisiwani, 15 Julai

Abowe,

Salaam. Mwambie Hooyo namuombea.

Barua yako imenikuta nimeshavunja kufuli, kwa jiwe. Mbuzi walikuwa wanalia kama watu. Musyoka alisimama mlangoni mwa mnara: "Na sisi tutakunywa nini, msomi?" Tulipimiana kwa kikombe mpaka boti ikaja, ikawavusha mbuzi hadi bara. Alio anawarudisha kwa miguu akifuata mto Tana. Wako hai.

Nimefukuzwa kazi. Membe wamenitangulia: asubuhi moja waliruka wote na hawakutua tena. Wamehamia kisiwa kidogo cha kaskazini. Hapa pamebaki maganda.

Sijutii maji. Lakini hasira hainitoki hata nikiswali. Mlinitaka nichague, na hakuna kati yenu aliyejua kwamba nami nilikuwa na kitu cha kupoteza.

Abaayo wako, Fowsiya

*

Galbet, 4 Agosti

Abaayo,

Salaam aleikum. Sisi wazima. Mbuzi wamefika, wamekonda lakini wamefika. Aabo anakusifu kwa kila anayepita mlangoni.

Hooyo alikupikia, hukuja. Simu yako imezimwa. Alio amesikia kwa wavuvi kwamba ulishuka bara, ukapanda boti nyingine ya kwenda kaskazini. Natuma hii kwa Mzee Musyoka, akufikishie.

Nilimwambia Aabo asiulize. Amenikalia hapa mpaka niandike. Kile kisiwa walikohamia ndege: anasema safari hii anauliza maji kwanza.

Kaka yako, Siyad